Kura ya Hapana: ni ya Nini, na Lini Inakuwa ya Haki?

Uzi wa wiki hii ni mrefu, mtanivumilia. Ni maneno niliyozungumza na vijana hapa Voi Jumamosi iliyopita, nimeyaandika karibu vile yalivyotoka mdomoni. Sheria ya uzi huu mnaijua: hatutaji mwanasiasa wala chama. Ukiona umemtambua mtu, hiyo ni juu yako.

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kutoka kwenye kivuli na kuja kukaa chini ya mabati na jua hili. Nimeulizwa nizungumze kuhusu kukataa. Si kuchagua, kukataa. Nataka nianze na kitu nilichofanya mwenyewe, halafu twende kwenye sheria.

Miaka miwili iliyopita, kijijini kwetu, kulikuwa na mkutano wa mradi wa maji. Kioski kilikuwa kikavu wiki ya pili. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mtu mzima, mnyamaze kidogo, anayetembea na daftari kila mahali. Watu walifika na mitungi mitupu, yaani walitoka nyumbani wakiwa tayari wamekasirika. Kabla hata ajenda haijasomwa, kijana mmoja akasimama akasema, "Wanaotaka mwenyekiti aondoke, inueni mikono." Mikono ikainuka. Mama akasimama na daftari lake, akafungua ukurasa, akaanza, "Naomba niwaeleze..." Akaambiwa keti, mama, wananchi wameshasema. Shughuli yote haikufika dakika tano.

Mkono wangu ulikuwa miongoni mwa ile. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nasomea mambo ya siasa, nishafundishwa nadharia za demokrasia mpaka zikanitoka masikioni. Nikainua mkono kwa sababu maji hayakuwepo na kwa sababu aliyekaa karibu nami aliinua.

Nitarudi kwa huyo mama. Kwanza tuulizane: hapana ni ya nini?

Mimi naona hapana zina kazi mbili, na tunazichanganya kila siku. Kuna hapana ya kusema, na kuna hapana ya kuondoa. Ya kusema ni pale unapoulizwa jambo nawe unajibu sitaki. Ya kuondoa ni pale hapana nyingi zinapojumlishwa, halafu mtu anapoteza kiti, kazi, au nafasi ya kusikika. Mkono unaoinuka ni ule ule, lakini kinachofuata ni tofauti kabisa.

Tuanze na ile ya kusema. Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya waliulizwa kuhusu rasimu ya katiba. Ndizi ilikuwa ndiyo, chungwa lilikuwa hapana. Wengi wetu humu tulikuwa tunabebwa mgongoni au hatujazaliwa. Chungwa likashinda, kama asilimia 58 kwa 42. Nani aliulizwa sababu pale kituoni? Hakuna. Kuna aliyekataa kwa ajili ya mamlaka ya rais, kuna wa ardhi, kuna wa mahakama za Kadhi, na nina hakika kuna aliyekataa kwa sababu jirani yake asiyemsalimia alikuwa ndizi. Zote zikahesabiwa sawa. Na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kuna wazee wetu hupenda kusema, usikatae kitu kama huna kingine cha kuweka mahali pake. Kwa heshima zote, mimi nawapinga. Waliopiga chungwa hawakuwa na katiba nyingine mfukoni. Walisema hii hapana, basi. Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Agosti 2010, wakaletewa nyingine, safari hii rangi ya kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana, wakaikubali kwa zaidi ya asilimia 60. Ukinipikia chakula kikaungua, sihitaji kujua kupika ndiyo niseme kimeungua.

Tena mahali ambapo hapana ya kusema haina pa kuwekwa, watu huumia. Waulizeni wazazi wenu kuhusu mlolongo wa 1988. Uteuzi wa chama kilichokuwa peke yake, watu wakapangwa foleni nyuma ya wagombea mchana kweupe, chifu anaangalia, mwajiri anaangalia. Aliyetangazwa kupita asilimia 70 akaenda bungeni moja kwa moja, bila kura ya siri. Kama hukumtaka na hukuwa na mwingine wa kumpangia nyuma, ulikuwa na njia moja tu, kukaa nyumbani. Na aliyekaa nyumbani hakuhesabiwa kama amekataa. Alikuwa tu hayupo.

Ng'ambo ya pili ya Taveta, wenzetu wa Tanzania nao walikuwa na chama kimoja miaka hiyo, na mgombea urais mmoja. Lakini karatasi yao, tangu 1965, ilikuwa na mahali pa ndiyo na mahali pa hapana. Sisemi mambo yalikuwa mazuri, matokeo yalijulikana kabla ya sanduku kufunguliwa. Nasema tu kulikuwa na mahali pa kuweka hapana, kwa siri, na ikahesabiwa.

Sisi leo hatuna. Ukiingia kituoni na humtaki yeyote, utaacha karatasi bure au utachora mstari juu yao wote. Mwaka 2013 kura zilizokataliwa za urais zilipita laki moja. Wengine walikosea tu kutia alama, lakini hatuwezi kujua wangapi walikusudia. Katiba, kifungu cha 138, inasema zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, nayo ikaamua kura zilizoharibika haziingii kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo hapana yako ikawa karatasi mbovu. India, mwaka huo huo wa 2013, waliongeza kitufe cha kusema simtaki hata mmoja kati ya hawa. Hata kikipata kura nyingi kuliko wote hakizuii mgombea anayefuata kushinda uchaguzi mkuu, lakini idadi yake inasomwa hadharani. Mimi ningependa tuwe na hicho. Hapana inayosikika bila kumng'oa mtu ina maana yake.

Sasa tuje kwa hapana inayong'oa. Hapa ndipo penye moto.

Katiba ya 2010, kifungu cha 104, inawapa wapigakura haki ya kumrudisha nyumbani mbunge kabla muhula wake haujaisha. Ikaachia Bunge litunge sheria ya namna ya kufanya. Tafakari hapo kwanza: mnawaambia wabunge watunge sheria ya kuwafukuza wabunge. Walitunga, ndani ya Sheria ya Uchaguzi ya 2011, na ukiisoma utacheka kwa huzuni.

Usingeweza kuanza kabla ya miezi 24 tangu uchaguzi, wala baada ya kubaki miezi 12 kabla ya unaofuata. Mbunge angeshtakiwa hivyo mara moja tu katika muhula. Ulihitaji kwanza Mahakama Kuu ithibitishe makosa. Aliyegombea akashindwa hakuruhusiwa kuleta ombi. Ukishapita hapo, ukusanye sahihi za asilimia 30 ya wapigakura waliosajiliwa, ndani ya siku 30. Kisha katika kura yenyewe, wanaotaka aondoke wafike nusu ya wote waliosajiliwa, si nusu ya waliojitokeza. Yaani mtu anaweza kuingia kwa kura za robo ya wapigakura, lakini kutoka lazima wapatikane nusu. Mlango wa kuingilia ni wa gari, wa kutokea ni wa paka.

Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikavifuta vipengele kadhaa vya sheria hiyo, ikasema ni vya kibaguzi na vinaifanya haki yenyewe isitumike. Sawa. Bunge lilipaswa kuziba pengo. Halikuziba. Mwaka 2025, vijana walipotaka kuwarudisha nyumbani wabunge, tume ya uchaguzi ikasema sheria haipo kwa wabunge, iliyopo ni ya wawakilishi wadi tu. Na mpaka leo, chini ya katiba hii, hakuna hata mmoja aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa njia hiyo.

Lakini, na hapa najua nitawaudhi baadhi yenu, si kila kitu katika ile sheria kilikuwa cha hila. Kuna kipengele ninachokipenda. Kilisema mbali na ile asilimia 30 ya eneo bunge lote, lazima pia upate asilimia 15 ya wapigakura katika zaidi ya nusu ya wadi. Chukueni eneo bunge letu la Voi. Wadi ni sita: Mbololo, Sagalla, Kaloleni, Marungu, Kasigau, Ngolia. Zaidi ya nusu ni nne. Maana yake watu wa mjini peke yao, hata wakiwa na hasira na idadi, hawawezi kumng'oa mtu bila kupanda Sagalla au kwenda mpaka Kasigau na kuwauliza wenzao: je, na nyinyi mmemwona hivyo? Bila kipengele kama hicho, hapana inageuka kuwa mji dhidi ya milima, au Taita dhidi ya Taveta, au wenyeji dhidi ya wale ambao babu zao walikuja na reli. Tunajua wenyewe jinsi kaunti hii inavyoweza kugawanyika kwa jina la ukoo tu. Hapana iliyotoka pande nne ina uzito kuliko hapana kubwa iliyotoka mtaa mmoja.

Na jambo la sababu. Watu wengi mtandaoni wanasema kumrudisha mtu nyumbani kusihitaji sababu yoyote: tulimweka, tunamtoa. Nilikuwa na msimamo huo pia. Siku hizi sina. Sitaki mahakama ndiyo iamue kama tuna haki ya kukasirika, hapo mwaka 2017 waliamua vizuri. Lakini karatasi ya sahihi iseme kosa. Alichukua nini, alikosa vikao vingapi, alipigia kura kitu gani kinyume na alichotuahidi. Siku ya uchaguzi sihitaji kueleza kwa nini sikukupa kura, kwa sababu wote mko sawa pale, mnaomba. Nikitaka kukutoa katikati ya muhula, kuna waliokuchagua ambao kura yao naifuta. Hao ninawadai maelezo.

Kaunti yetu ishapitia hili, tena si zamani. Mwaka 2019 gavana na bunge la kaunti waligombana juu ya bajeti, hasa pesa za wadi. Gavana akaanza kuzunguka akikusanya sahihi za wananchi ili kaunti ivunjwe. Wawakilishi wadi nao Oktoba wakapiga kura kumtimua. Mambo yakafika Seneti, kamati ikasikiliza pande zote mbili, ikaona mashtaka hayajathibitishwa, gavana akabaki. Na kaunti haikuvunjwa.

Mnakumbuka makelele ya wakati ule? Kila mtu alikuwa na upande. Sasa tuangalie zile njia mbili kwa utulivu. Kutimua gavana ni hapana ya wachache walio ndani ya jengo pale Wundanyi ilipokuwa bunge wakati huo, lakini ina masharti: mashtaka yaandikwe, mshtakiwa ajibu, Seneti isikilize upya. Kuvunja kaunti ni hapana ya wananchi. Sheria ya Serikali za Kaunti inataka sahihi za asilimia 10 ya wapigakura waliosajiliwa. Kwetu wakati ule tulikuwa laki moja na nusu na kidogo, kwa hiyo kama elfu kumi na tano hivi. Ombi linaenda kwa rais, anaunda tume ya kuchunguza, na kaunti ikivunjwa wote wanarudi kwa wapigakura, gavana na wawakilishi wadi pamoja.

Hilo la mwisho ndilo lililonivutia nilipoanza kusoma mambo haya. Anayeomba hapana, hapana hiyo inamwangukia yeye pia. Unaweza kusema ilikuwa mbinu, na pengine ilikuwa. Lakini ni nadra sana katika siasa zetu kuona mtu akiomba kura ya kukataa ambayo na yeye imo ndani. Kijana aliyesema inueni mikono pale kwenye maji, yeye hakuwa na cha kupoteza.

Ubaya wa njia ya kuvunja kaunti ni kwamba ufunguo wa mwisho uko Nairobi. Makueni walifika mbali kuliko sisi: sahihi zikapatikana, tume ikaundwa, ikapendekeza kaunti ivunjwe, na 2015 rais akakataa. Mimi naona hiyo ni hapana ya wananchi iliyozimwa na hapana ya mtu mmoja, ingawa najua kuna wanaosema iliokoa Makueni na fujo. Tunaweza kubishana.

Dada mmoja pale nyuma ameniuliza kabla hatujaanza: na 2024 je? Tarehe 25 Juni wabunge 195 walipitisha mswada wa fedha dhidi ya 106 waliokataa, na siku hiyo hiyo vijana wakauawa barabarani. Kesho yake rais akasema hatautia sahihi. Katikati yake kulikuwa na ile kazi ya kuwasalimia wabunge kwa simu, namba zimewekwa wazi, ujumbe maelfu. Je, ilikuwa haki? Kumwandikia mbunge wako kwamba ukipiga kura ya ndiyo mimi sikutaki tena, hiyo ni hapana ya kusema, safi kabisa. Simu imenunuliwa kwa kodi yetu, iite. Kumtumia ujumbe mkewe au watoto, au kwenda kuchoma duka lake, hapo umeondoka kwenye kukataa alichofanya, unamwadhibu mtu ambaye hajasikilizwa, na mwingine ambaye hata hakupiga kura. Nilikuwa miongoni mwa waliosalimia, na sijutii. Ila kuna picha za nyumba za watu nilizozisambaza siku ile na nikazifuta baadaye.

Sasa mtu ataniambia, wewe unatuwekea masharti sisi wanyonge, wao wenye nguvu hawana masharti. Ni kweli wanatupuuza. Vikao vya ushirikishi wa umma vinatangazwa gazetini siku chache kabla, mtu wa Kasigau atafikaje Voi asubuhi na matatu ni za kuhesabu? Lakini angalieni ni nani hupigwa na hapana isiyo na utaratibu. Mara nyingi si gavana wala mbunge. Wale wana mawakili, wana Seneti, wana ile sheria ya mlango wa paka. Anayeng'olewa kwa dakika tano ni mwenyekiti wa kamati ya shule, mweka hazina wa chama cha akina mama, msichana aliyegombea uongozi wa boda akaambiwa hapana kabla hajafungua mdomo. Huku chini hakuna wa kumkatia rufaa. Hiyo ndiyo sababu nataka utaratibu uanzie huku.

Tukijaribu hapa Voi, kwenye vikundi vyetu tu, ingekuwa hivi: anayetaka mtu atolewe aandike kosa, hata mistari mitatu, mtuhumiwa apewe wiki moja na dakika zake za kusema, halafu kura ipigwe kwa karatasi, si kwa mikono. Mambo ya mikono tuyaache kwa kuchagua wimbo wa kufungulia mkutano.

Turudi kwa yule mama. Kamati mpya iliingia, ikafuatilia bomba. Ndovu walikuwa wamelichimbua upande wa mpakani na mbuga, kama wanavyofanya kila kiangazi kirefu, na fundi alikuwa ameshaitwa. Iliandikwa kwenye lile daftari, tarehe, jina la fundi, bei ya bomba. Ndiyo ukurasa aliokuwa anataka kutusomea. Pesa zilikuwepo, ingawa risiti mbili za dizeli hazijaonekana mpaka leo, na sitawadanganya kwamba hesabu zake zilinyooka. Angeulizwa risiti, pengine angeondolewa vile vile. Hakuulizwa.

Mwezi uliopita nilienda nyumbani, nikampata kwenye foleni ya kioski. Nikamwambia shikamoo mama, akaitikia marahaba, akaniuliza masomo yanaendeleaje, nikamwambia vizuri. Akanisaidia kutwika mtungi. Sikumwambia kuhusu mkono wangu. Siku ile alikuwa amesimama mbele yetu, anatuangalia mmoja mmoja, kwa hiyo nadhani anajua.